"Bonyeza Tu" si Elimu: Kitufe Kinachojenga Karakana na Wajibu wa Wanalugha



Ipo kauli inayotembea sana vinywani mwa vijana wetu wa kompyuta, nao huitoa kwa adabu zote: "Mwalimu, hapo huna haja ya kuelewa, bonyeza tu." Kauli hii inastahili kujibiwa. Pa kuijibia ni hapa, mbele ya watu wa lugha, kwa sababu dosari iliyomo ndani yake ni ya lugha kabla ya kuwa ya ufundi. Najua wapo watakaouliza ukumbi wa mashairi una shughuli gani na vitufe vya wasanidi programu. Nawaomba subira, shughuli hiyo itaonekana.

Kwanza tukijue tunachokizungumzia. Msanidi programu huandika msimbo wake ndani ya kihariri, kama sisi tunavyoandika beti zetu katika daftari. Kihariri kinachotumiwa mno duniani leo ni Visual Studio Code, kilichotolewa na Microsoft mwaka 2015. Chenyewe ni chepesi, ila kimeachiwa mlango wa kuongezewa uwezo kwa vipande vidogo vya programu viitwavyo viendelezi, na mtu yeyote anaweza kuunda kiendelezi na kukitoa kwa wengine. Miongoni mwa viendelezi hivyo vimo vinavyotayarisha karakana nzima ya kazi ya "fulstaki", yaani kazi ya msanidi anayeshika pande zote mbili za programu: upande wa mbele, anaouona mtumiaji katika kivinjari, na upande wa nyuma, penye seva na hifadhidata. Mshairi ataelewa upesi nikisema kwamba huyu ni mtunzi anayetunga ukwapi na utao kwa mkono mmoja.

Kuitayarisha karakana hiyo kwa mkono ni kazi ndefu. Kuna folda ya upande wa mbele na folda ya upande wa nyuma. Kuna vifurushi vya msimbo wa watu wengine vya kupakua, na kila kifurushi huja na vifurushi vyake, hata mradi mdogo ukajikuta umebeba mamia. Kuna faili la siri lenye nywila za hifadhidata. Kuna hifadhidata yenyewe ya kuwashwa, kisha seva, kisha kivinjari cha kufunguliwa katika anwani sahihi. Hatua moja ikikosewa, zote hukwama. Kwa kiendelezi cha aina hii, kazi hiyo yote huandikwa mara moja katika mafaili ya maelekezo, halafu mtumiaji hubonyeza kitufe kimoja. Alichokuwa akikihangaikia siku nzima hukamilika kwa dakika chache.

Mimi siupingi wepesi huo. Mwalimu aliyewahi kuandika azimio la kazi kwa mkono, kidato kwa kidato, mwaka baada ya mwaka, hawezi kukichukia chombo kinachopunguza kazi ya kurudiarudia. Ninachokipinga ni jambo jingine: kazi hiyo inafanyika mbele ya macho ya kijana wetu kwa lugha asiyoimiliki, kisha anaambiwa kwamba kutoelewa si hasara. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Wao walikuwa wakimkejeli mzembe wa kufikiri. Siku hizi methali hiyo imegeuzwa kuwa kanuni ya kazi.

Tazameni kinachotokea. Kijana anapofungua folda aliyotumiwa na mwenzake au aliyoipakua mtandaoni, kihariri humtolea swali. Swali hilo liliingizwa mwaka 2021, nalo si la urembo. Linamuuliza kama anawaamini waliotunga mafaili yaliyomo katika folda hiyo. Akikataa, kihariri humfungulia mafaili katika hali ya tahadhari: atayasoma, lakini kazi zilizoandikiwa kujiendesha zitazuiwa. Akikubali, mlango umefunguliwa. Maelekezo yaliyomo yanaweza kuendesha amri katika kompyuta yake, na yapo yanayoweza kuandikwa yaanze yenyewe mara folda inapofunguliwa, ilimradi ruhusa imekwisha kutolewa. Amri hizo hutenda kwa mamlaka ya mwenye kompyuta. Anachoweza kukisoma yeye, nazo zinaweza kukisoma. Anachoweza kukifuta yeye, nazo zinaweza kukifuta.

Swali zito namna hiyo, kijana wetu huulizwa kwa Kiingereza. Huyu ni kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta masomo yamegeuka Kiingereza, akajifunza kukariri kabla ya kuelewa. Amezoea sentensi asizozipata vizuri, na amezoea kuzipita. Hulipita na swali hili. Hubonyeza kitufe cha kukubali kwa sababu ndicho kilichong'aa zaidi, na kwa sababu aliyemtangulia alimwambia abonyeze tu. Sisi tunaoishi kwa maneno tuna jina la tendo hilo: ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wala hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2016 mtunzi mmoja wa kifurushi kiitwacho left-pad alikiondoa katika ghala la pamoja ambamo wasanidi wa dunia nzima huchukua vifurushi vyao. Kilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo. Miradi mingi mno ikakwama kwa sababu ilikuwa ikikitegemea, na wengi wa wenye miradi hiyo hawakujua hata kwamba kimo ndani mwao. Mwaka 2018 kifurushi kingine, event-stream, kilipata msimamizi mpya, kikaingizwa ndani yake kitegemewa chenye msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali za watu. Vilivyokipokea havikuwa vichwa vya watoto. Vilikuwa vya mafundi. Ikiwa fundi anayekisoma Kiingereza kama maji aliweza kupitwa, yule ambaye hata ilani haisomi ana kinga gani? Kitufe kinachopakua mamia ya vifurushi kwa pigo moja kinakuza wepesi, na kwa kipimo kilekile kinakuza upofu.

Sasa nije kwenye hoja za upande wa pili, nizijibu moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza husema kwamba lugha ya kompyuta ni Kiingereza, basi ajifunze Kiingereza. Hapa pamechanganywa vitu viwili. Maneno ya lugha ya programu yenyewe ni machache. Lugha ya Python, kwa mfano, ina maneno maalumu 35 tu, nayo ni alama kama zilivyo alama za hisabati. Mwanafunzi wa darasa lolote atayazoea kwa mwezi mmoja, na mimi siombi yatafsiriwe. Ninachokiombea Kiswahili ni lugha inayoyazunguka: maelezo, ilani, maswali, majina ya vitufe, sababu ya kukwama inayoandikwa kazi inapogoma. Hapo ndipo uelewa hupatikana au hukosekana. Na hapo Kiingereza si sharti la ufundi hata kidogo. Kihariri hichohicho hutolewa rasmi kwa Kijapani, Kikorea, Kichina, Kituruki, Kipolandi na Kicheki. Wasemaji wa Kicheki ni takriban milioni 10. Kiswahili, ambacho UNESCO hukihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200, hakimo katika orodha hiyo. Wala sijasikia kwamba msanidi wa Prague au wa Tokyo amekosa ajira kwa kuwa kihariri chake kinamsemesha kwa lugha ya mama yake.

Wepesi wa kulaumu makampuni makubwa naujua, nami siukumbatii. Ukitazama jinsi chombo hiki kilivyotengenezwa, utakuta mlango umeachwa wazi. Kila kiendelezi huweza kubeba faili dogo la maneno: upande mmoja jina la siri la sentensi, upande wa pili sentensi yenyewe kama itakavyoonekana kwa mtumiaji. Anayetaka kukifanya kiendelezi kiseme lugha nyingine huandika faili la pili lenye majina yaleyale na sentensi za lugha ile. Hata pakiti ya lugha ya kihariri chenyewe inaweza kuundwa na mtu binafsi, na watengenezaji wametoa kiolezo cha kuanzia. Kazi inayobaki baada ya hapo ni kukaa kitako na kutafuta maneno. Hiyo, waungwana, ni kazi ya nani kama si yetu?

Hoja ya pili husema kwamba istilahi hazipo. Si kweli. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na ili kufika hapo wahusika walilazimika kuyapata maneno ya mamia ya vitufe na ilani. Leo tuna kivinjari, seva, tovuti, hifadhidata, nywila, kiendelezi, kupakua, kusakinisha na kusasisha, na watoto wanayatumia bila kutafuna ulimi. Kinachokosekana ni watu wa kuyatia maneno hayo mahali pa kazi, na kuyapima kama yanafanya kazi. Kwa maana istilahi iliyobuniwa kikaoni ikafungiwa katika kijitabu haina tofauti na shairi lililoandikwa likaliwa na mchwa.

Kupima huko ni kazi ya sikio la mshairi, na nitatoa mifano mitatu kutoka karakana hii hii tunayoizungumzia.

Wapo walioiita karakana ya msanidi "nafasi ya kazi". Neno kwa neno, tafsiri hiyo haina kosa. Lakini mpe kijana wa Kitanzania kitufe kilichoandikwa "Fungua nafasi ya kazi", atadhani ni tangazo la ajira, maana ndivyo magazeti yetu yanavyotangaza ajira kila siku. Neno "karakana" ni bora mara dufu. Linaleta picha ya mahali penye zana zilizopangwa, mahali ambapo fundi huingia asubuhi akajua nyundo iko wapi na msumeno uko wapi. Lina uzito wa kazi ndani yake.

Wapo pia walioviita vifurushi ambavyo programu inavihitaji "tegemezi". Hapa kosa ni kubwa, maana limegeuza maana kichwa chini. Tegemezi kwa Kiswahili ni yule anayetegemea: mtoto, mgonjwa, jamaa asiye na kipato. Lakini hivi vifurushi havitegemei programu; programu ndiyo inayovitegemea. Basi ni vitegemewa. Herufi chache zimebadilika, na ndani ya herufi hizo umo uelewa wote wa kisa cha mwaka 2016. Anayeviita tegemezi atadhani anaweza kuvifukuza nyumba ikabaki salama. Anayeviita vitegemewa anajua kwamba ni nguzo.

Mfano wa tatu ni lile swali la kuamini. Tafsiri ya upesi ni hii: "Je, unawaamini waandishi wa mafaili yaliyomo katika folda hii?" Sarufi yake ni safi, ila haishtui. Mwandishi kwetu ni mtu wa vitabu na magazeti, na kumwamini ni jambo la heshima tu, nani atakataa? Kiswahili kina neno lenye meno zaidi, nalo ni kukabidhi. Mtu hakabidhi kitu bila kujua anamkabidhi nani, na shina la kuamini lenyewe limetupa neno amana, kitu cha thamani unachokiweka mikononi mwa mwingine. Basi ningeliandika hivi: "Folda hii inaweza kuendesha amri ndani ya kompyuta yako. Je, unamjua aliyeiandaa, na unamkabidhi kompyuta yako?" Kijana akilisoma hilo, mkono wake utasita juu ya kitufe. Kusita huko ndiko elimu. Hakuna kamati ya wahandisi itakayokuletea kusita huko. Kutaletwa na mtu aliyezoea kupima neno kwa uzito wake.

Hoja ya tatu ni ya wenzetu wa fani, wale watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya mashine na ushairi una hadhi yake. Nawajibu kwa historia yetu wenyewe. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Kabla ya hapo kanuni za tungo zilikuwa mali ya mdomo, zikienda kutoka kwa malenga kwenda kwa mwanafunzi wake. Yeye alizianika hadharani, kwa Kiswahili, ili mwanafunzi wa mbali asiye na malenga jirani aone vina ni nini na mizani ni nini. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, akaziacha kanuni zile, na ukazuka mgogoro ambao wengi wetu tuliufundisha darasani. Mtu anaweza kuwa upande wowote wa mgogoro ule. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba Kezilahabi aliviacha vina kwa kutovijua. Aliviacha kwa kuvijua. Uhuru wake ulikuwa na maana kwa sababu kanuni zilikuwa wazi mbele yake, katika lugha yake.

Huo ndio uhuru ninaomtakia msanidi chipukizi. Akitumia kitufe kinachomjengea karakana kwa kuwa anaijua kazi na amechoka kuirudia, huyo ni bwana wa kitufe. Akikitumia kwa kuwa hana njia nyingine, na siku kikigoma anakaa akilitazama andiko jekundu asilolielewa mpaka mtu mwingine aje amwokoe, huyo ni mtwana wake. Walimu tunaijua tofauti hiyo. Mwalimu anayeingia darasani na andalio la somo lililoandikwa na mwenzake atafundisha vizuri mpaka mwanafunzi wa kwanza anyooshe mkono kuuliza. Hapo ndipo itajulikana kama andalio ni lake au la kuazima.

Ninataka nini, basi? Nataka mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, vijana wetu wanaounda viendelezi wasitoe kiendelezi bila faili la Kiswahili kando ya lile la Kiingereza. Hakuna ruhusa ya kuomba kokote. Na pale kiendelezi kinapofanya jambo kimyakimya, kiandike kwa sentensi moja ya Kiswahili: sasa ninapakua vitegemewa, sasa ninawasha hifadhidata, sasa ninafungua seva. Mwanafunzi akiona sentensi hizo mara kumi, amefundishwa bila kujua kwamba yumo darasani.

La pili, washairi na walimu wa lugha wajitolee kuzisoma sentensi hizo kabla hazijatoka. Wasikae kusubiri waitwe. Kila mwaka, tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunasoma tungo za kukisifu Kiswahili mpaka koo zinakauka. Nina pendekezo jepesi: mwenye kuandika ubeti mmoja wa sifa, na atafsiri ilani moja. Lugha haikui kwa kusifiwa. Hukua kwa kutumwa kazi.

La tatu, tafsiri hizo zipimwe kwa watumiaji, zisipimwe kwa vyeo vya waliozibuni. Mpe binti wa kidato cha pili kitufe chenye neno lako, umuulize anadhani kitafanya nini. Akijibu sawa, neno limefaulu. Akijibu kombo, hata liwe limepitishwa na wazee wenye mvi, lirudi mezani.

Kauli ya "bonyeza tu" ina ladha ya ukarimu, kama mtu anayekupunguzia mzigo. Kumbe inakupunguzia vilevile haki ya kujua umebeba nini. Nami nafunga kwa beti mbili, kama ilivyo ada ya ukumbi huu:

Mlango wafunguliwa, mgeni kizingitini,
Swali limeandikiwa, kwa lugha ya ugenini,
Ndiyo inapotolewa, haijatoka moyoni,
Maana inapofichwa, ruhusa huwa ni deni.

Malenga tukiandika, tusiishie hewani,
Neno letu likafika, penye mtoto kazini,
Apate kuelimika, akibonyezacho nini,
Maana inapofichwa, ruhusa huwa ni deni.